Ukisoma Historia ya Sanaa, Utakula Nini?

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, swali linalonifikia ni lile lile: "Dada, nataka kusoma historia ya sanaa niwe mwandaaji wa maonyesho, lakini nyumbani wananiuliza nitakula nini." Tuliongee leo taratibu. Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, na bado naona wazazi wana haki ya kuuliza.

Tuanze na kinachosomwa, maana wengi wanadhani ni kuchora. Unaweza usijue kunyoosha hata mstari na ukafaulu vizuri. Unachofundishwa ni kutazama, kudadisi, kutafuta ushahidi na kuandika. Chukua mfano wa Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa miaka michache tu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Mpita njia anaona chui na rangi zinazong'aa, anaendelea na safari yake. Mwanafunzi wa historia ya sanaa anasimama. Kwa nini hadibodi na si turubai? Kwa nini rangi ya enameli, ile ya kupaka baiskeli? Kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana madukani kwa bei ambayo mtu wa kipato chake aliimudu. Kwa nini picha ndogo, tena za wanyama wa mbugani? Watazame wanunuzi: wengi walikuwa wageni wa Oysterbay, waliomkuta akiuza nje ya Morogoro Stores, na picha inayoingia kwenye sanduku la safari haikosi mteja. Alipofariki, ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora, bei za kazi zake zikapanda, na za kughushi zikaingia sokoni. Saini peke yake haitoshi tena. Inabidi uigeuze picha, ukague ubao, rangi na mihuri ya nyuma, ufuatilie imepita mikononi mwa nani na nani. Hapo unasoma uchumi, siasa na upelelezi kwa mpigo.

Na mwandaaji wa maonyesho, ambaye wenyewe kwa wenyewe tunamwita kyureta, anafanya nini? Watu wanamwona siku ya ufunguzi, amependeza, anapiga picha na mabalozi. Wiki zilizotangulia hawamwoni. Anajaza mikataba ya kuazima kazi, anahangaika na bima, anasimamia kila picha inapotolewa kwenye kreti na kuandika: mchubuko, sentimita mbili, kona ya chini kulia. Asipoandika, kesho ataambiwa yeye ndiye aliyechubua. Anapima mwanga, kwa kuwa kazi za karatasi na nguo za kale huwekewa mwanga hafifu, kama lux 50 tu. Kanga ya zamani ukiitundika chini ya taa kali miezi kadhaa, rangi haitarudi. Anaandika maelezo ya ukutani mara tano mpaka mama aliyeletwa na mjukuu wake ayaelewe. Halafu anaamua picha ipi ikae jirani na ipi, na huo uamuzi ndio unaoonyesha kama alisoma au alipita tu chuoni.

Sasa usome wapi? Nitawaambia ukweli: kwetu Afrika Mashariki, shahada ya kwanza inayobeba jina la historia ya sanaa peke yake ni adimu. Wengi tunapitia mlango wa pembeni. Makerere kuna shule ya sanaa iliyotokana na madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na ina jumba lake la maonyesho. Huko ndiko walikosoma Sam Ntiro, ambaye picha yake ya mwaka 1956 iko Museum of Modern Art ya New York, na Elimo Njau, aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Wote wawili ni watoto wa Kilimanjaro. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa bunifu, na pia akiolojia na urithi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kuna sanaa na usanifu. Baada ya hapo, shahada ya pili unaweza kuitafuta mbali: Cape Town wanafundisha uandaaji wa maonyesho, na SOAS ya London inafundisha sanaa ya Afrika. Nauli na ada usiziogope kabla hujaomba ufadhili wa Chevening au wa Jumuiya ya Madola. Kabla hujakubali chuo chochote, uliza swali moja: wanafunzi wanaruhusiwa kushika na kuchunguza vitu halisi, au watamaliza miaka mitatu wakitazama slaidi?

Na wewe ambaye umeshasoma biashara au sheria, usilie. Koyo Kouoh wa Cameroon alisomea mambo ya benki Uswisi, akaja kuanzisha kituo cha RAW Material Company Dakar na kuongoza makumbusho ya Zeitz MOCAA ya Cape Town. Kabla hajafariki mwaka 2025 alikuwa ameteuliwa kuandaa maonyesho makuu ya Venice ya 2026. Okwui Enwezor wa Nigeria alisoma sayansi ya siasa, na mwaka 2002 akaongoza maonyesho ya Documenta 11 kule Kassel, Ujerumani. Ila msijidanganye: walisoma vitabu kuliko wengi wenye shahada.

Kama kuna tabia moja ya kujijengea mapema, ni kuweka kumbukumbu. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani alimpiga picha mzee wa Kimijikenda amesimama karibu na vigango viwili (nguzo za mbao za ukumbusho) alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Haukupita muda, vikaibwa. Miaka mingi baadaye, mtafiti yule alikiona kimoja kwenye slaidi katika mkutano wa wasomi: kilikuwa kwenye mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois. Cha pili kikaja kugundulika Virginia. Picha ile ya kawaida ndiyo iliyokuwa ushahidi, na mwaka 2007 familia ikapokea kigango chake. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver nayo ikarudisha Kenya vigango 30. Kwa hiyo kila unachokipiga picha, andika tarehe, mahali, mwenye nacho na vipimo.

Tuje kwenye ugali. Ajira za makumbusho ni chache, mshahara wa kuanzia ni mdogo, na wengi huanza kwa mikataba ya miezi michache. Ndiyo maana nawasihi mwe na ujuzi wa pili: kupiga picha za kazi za sanaa, kutengeneza kanzidata, kuandika maombi ya ruzuku. Au jifunze Kijerumani. Vitu vingi vilivyochukuliwa Tanganyika, Rwanda na Burundi enzi za Wajerumani viko Berlin na miji mingine ya huko, na daftari zake zimeandikwa kwa lugha hiyo. Anayezisoma mwenyewe hasubiri kusimuliwa. Kuhusu kujitolea: jitolee, lakini kubalianeni muda, nauli na barua ya uthibitisho. Atakayekuweka mwaka mzima kwa ahadi tu, muage kwa heshima.

Kwa wazazi usiende na machozi wala maneno ya "ndoto yangu". Nenda na karatasi: kozi, ada, ujuzi wa pili, na mahali pawili watakapokupokea kwa mafunzo ya vitendo, kama Makumbusho ya Taifa au Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam.

Kabla ya yote hayo, jipime wiki hii. Nenda makumbusho ya karibu, Fort Jesus, Lamu, popote. Kama hakuna, tafuta mlango wa nakshi au kigoda cha bibi. Chagua kitu kimoja, kitazame nusu saa bila simu, kisha andika ukurasa mmoja: kimetengenezwa na nini, kwa zana gani, kwa ajili ya nani, kimechakaa wapi na kwa nini. Ukimaliza na bado una maswali, jaza fomu ya chuo. Ukichoka dakika ya tano, hilo nalo ni jibu, na umelipata bila kulipa ada.