Mkakati wa Msingi wa Blakijeki: Soma Kanuni za Meza Kwanza

Mchezaji anayeingia kasino akiwa amekariri jedwali la mkakati wa msingi huweza kudhani kwamba ameshika ufunguo wa kila meza. Sivyo. Kila jedwali hukokotolewa kwa kufuata kanuni za meza fulani. Kanuni zikibadilika, baadhi ya majibu yake hubadilika pia. Aidha, zipo meza ambazo hakuna jedwali linaloweza kuzifanya ziwe nafuu. Katika somo hili tunaeleza mambo yasiyobadilika, mambo yanayobadilika, na gharama yake kwa shilingi.

1. Maana ya mkakati wa msingi

Katika blakijeki mchezaji hushindana na mgawaji karata peke yake. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa namba zake. J, Q na K ni 10 kila moja. Ree, yaani A, ni 1 au 11. Mkono wenye ree inayohesabiwa 11 huitwa mkono laini. Mchezaji anayepita 21 hupoteza papo hapo, hata kama mgawaji naye atapita baadaye. Humo ndimo inamotoka faida ya kasino.

Mwaka 1956 Wamarekani wanne, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la takwimu hesabu ya uamuzi bora kwa kila mkono dhidi ya kila karata ya wazi ya mgawaji. Uamuzi huo ndio mkakati wa msingi. Ubora wake ni kupunguza hasara. Haumgeuzi mchezaji kuwa mshindi.

2. Mambo yasiyobadilika

Haya yanafaa karibu katika kila meza:
- Ukiwa na 13 hadi 16 isiyo laini, simama mgawaji akionyesha 2 hadi 6. Ukiwa na 12, simama dhidi ya 4, 5 na 6 tu.
- Ukiwa na 12 hadi 16 isiyo laini, na mgawaji anaonyesha 7 au zaidi, omba karata, isipokuwa pale meza inaporuhusu kujitoa.
- Usisimame kamwe kwenye 17 laini au chini yake.
- Ukiwa na 10 au 11, ongeza dau maradufu mgawaji akionyesha 2 hadi 9.
- Gawa jozi ya ree na jozi ya 8 mgawaji akionyesha 2 hadi 9. Usigawe jozi ya 10 wala ya 5.
- Usinunue bima. Katika kila aina 13 za karata, ni 4 tu zenye thamani ya 10, na bima hulipa 2 kwa 1. Ukinunua bima ya shilingi 5,000 mara 13, kwa wastani utapata 40,000 na kupoteza 45,000.

3. Mambo yanayobadilika

Malipo ya blakijeki. Ree na karata ya 10 zikija pamoja mwanzoni, meza nzuri hulipa 3 kwa 2: dau la 10,000 huleta 15,000. Meza nyingine hulipa 6 kwa 5, yaani 12,000. Tofauti ya 3,000 huonekana ndogo, lakini mkono huo hutokea takribani mara moja katika kila mikono 21. Hakuna uamuzi wa mezani unaoweza kufidia pengo hilo.

17 laini ya mgawaji. Baadhi ya kasino humtaka mgawaji asimame kwenye 17 laini. Nyingine humtaka achukue karata. Kanuni ya pili humwumiza mchezaji. Pale inapotumika kwenye meza ya pakiti nne za karata au zaidi, ree na 7 dhidi ya 2, na vilevile ree na 8 dhidi ya 6, huongezewa dau badala ya kusimama.

Karata ya pili ya mgawaji. Kwa desturi ya Marekani, mgawaji mwenye 10 au ree hukagua mapema kama ana blakijeki. Kwa desturi ya Ulaya, huchukua karata ya pili baada ya wachezaji wote kumaliza, na akipata blakijeki huweza kuchukua hata madau yaliyoongezwa. Katika meza ya namna hiyo, usiongeze dau kwenye 11 dhidi ya 10 au ree, wala usigawe jozi ya 8 dhidi ya karata hizo. Omba karata.

Kugawa jozi. Ikiwa unaruhusiwa kuongeza dau baada ya kugawa, jozi za 2 na 3 hugawanywa dhidi ya 2 hadi 7. Usiporuhusiwa, dhidi ya 4 hadi 7 tu.

Kujitoa. Baadhi ya meza huruhusu kuacha mkono kwa kupoteza nusu ya dau. Tumia nafasi hiyo ukiwa na 16, isiyo jozi ya 8, dhidi ya 9, 10 au ree, na 15 dhidi ya 10.

4. Gharama kwa shilingi

Tuchukue mikono 100 ya dau la 10,000, yaani 1,000,000 kwa jumla. Kwenye meza ya 3 kwa 2 yenye kanuni za wastani, mchezaji asiyekosea hupoteza kwa wastani takribani 5,000. Mgawaji akichukua karata kwenye 17 laini, ongeza kama 2,000. Malipo yakiwa 6 kwa 5, ongeza kama 13,600.

Huo ni wastani tu. Katika mikono 60, kupanda au kushuka kwa 90,000 ni jambo la kawaida. Anayeshinda usiku mmoja asidhani jedwali limemtajirisha.

5. Jizoeze

Swali la kwanza: Una jozi ya 8, mgawaji anaonyesha 10, na hakuna kujitoa. Ufanye nini?
Jibu: Uliza kwanza. Ikiwa mgawaji amekwisha kukagua karata yake, gawa. Ikiwa ataichukua mwishoni na kuchukua madau yote, omba karata.

Swali la pili: Meza ya dau la 5,000 hulipa 6 kwa 5, meza ya 10,000 hulipa 3 kwa 2. Ipi nafuu?
Jibu: Kwa wastani wa mikono 100, ya kwanza hugharimu takribani 9,300 na ya pili 5,000. Hata hivyo, kwenye meza ya pili fedha hupanda na kushuka maradufu. Ikiwa kiasi ulichotenga hakihimili hilo, jibu sahihi ni kutoketi kwenye yoyote kati ya hizo.

6. Kabla ya kuketi

Soma maandishi ya mezani, kisha muulize mgawaji: Blakijeki hulipa kiasi gani? Mnafanya nini kwenye 17 laini? Karata ya pili huchukuliwa lini? Ni halali kuuliza, na asiyejibiwa waziwazi na aondoke. Cheza kwenye kasino yenye leseni tu, ukiwa umetimiza miaka 18. Tenga fedha ambazo ukizipoteza, kodi ya nyumba na ada ya shule hazitaguswa, zikiisha, ondoka. Kuongeza dau ili kurudisha kilichopotea hakumo katika jedwali lolote.