SOMO LA ROBO HII: Tukitembelea Makao ya Wagonjwa wa Akili, Tuangalie Nini?



Sharika kadhaa zimetuuliza swali lililo juu. Ni swali la haki, kwa sababu sadaka za diakonia zinakwenda huko, na ndugu zetu wako huko.

Tuanze kwa kukiri. Miaka michache iliyopita tulitembelea makao ya namna hiyo pamoja na wajumbe wa kamati mbili za sharika. Tulionyeshwa paa jipya, magodoro na tangi la maji. Tuliimba, tukaomba, tukagawa sabuni na sukari. Tulipokuwa tunapanda gari, mkazi mmoja wa makamo alimshika mwinjilisti mkono akamwuliza, "Baba mwinjilisti, mmekuja kunichukua?" Tukamwomba muuguzi atuonyeshe faili lake. Iliandikwa humo mara mbili kwamba ametulia na anaweza kwenda nyumbani. Maandishi ya kwanza yalikuwa na zaidi ya miaka miwili. Namba ya simu ya ndugu ilikuwa haipatikani tena. Na barua iliyomleta pale ilikuwa na muhuri wa mojawapo ya sharika mbili tulizokuwa nazo ndani ya gari.

Taarifa tuliyowaandikia wafadhili robo ile ilieleza habari za paa.

Kabla ya kikao chenu someni Marko 5:1-20. Tumezoea kuhubiri juu ya nguruwe. Safari hii angalieni kwamba watu wa pale walikuwa na utaratibu wao wa kumtunza yule mtu, nao ulikuwa pingu na minyororo. Alipoponywa alikutwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Aliomba kufuatana na Yesu, lakini akatumwa nyumbani kwa watu wake. (Hatusemi kwamba magonjwa haya ni pepo. Skizofrenia, sonona na kifafa vina dawa, na anayemwambia mgonjwa atupe vidonge baada ya maombi anamwumiza.)

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitendea kazi kiitwacho QualityRights cha kupima huduma katika hospitali na makao kama haya. Kinagusa mambo matano: hali ya maisha ya kila siku, afya ya akili na ya mwili, haki ya mtu kuamua mambo yake na kutozuiliwa kiholela, kulindwa dhidi ya mateso na unyanyasaji, na kuwezeshwa kuishi katika jamii. Kinataka wapimaji waangalie kwa macho, wasome kumbukumbu, na wazungumze na wakazi, ndugu na wahudumu. Kamati ya usharika haina mamlaka ya kukagua, lakini kuuliza inaweza.

Kuna mambo yasiyohitaji utaalamu wowote. Je, mkazi ana kitu kilicho chake, kama vile sanduku, kanga au mswaki? Au nguo zote hufuliwa pamoja na kila mtu huvaa itakayomfikia? Ulizeni pia habari za usiku, maana mchana wa ugeni kila nyumba huwa safi. Usiku kuna wahudumu wangapi kwa wakazi wangapi? Mlango ukifungwa, choo kinafikika? Moto ukitokea, ufunguo uko kwa nani, naye hulala wapi?

Katika dawa tukae kidogo. Sindano ya flufenazini, inayochomwa kila baada ya majuma kadhaa, huwasaidia wengi wanaoshindwa vidonge vya kila siku. Haloperidoli na kloropromazini ni dawa za zamani, za bei nafuu, na zinafanya kazi. Lakini zote zinaweza kuleta kukakamaa kwa misuli, kutetemeka mikono, udenda, na kutotulia hata mtu asiweze kukaa kitini. Mgeni akiona hayo husema, "Kweli huyu ni mgonjwa," kumbe pengine anayoyaona ni madhara ya dawa. Mara nyingi yanapungua dozi ikirekebishwa au ikiongezwa dawa kama benzheksoli. Kwa hiyo ulizeni mtaalamu wa afya ya akili alipitia dozi hizi lini mara ya mwisho, na dawa ziliisha stoo kwa siku ngapi katika robo iliyopita. Ulizeni na habari za mwili: shinikizo la damu, sukari, kifua kikuu. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na magonjwa ya kawaida ya mwili. Mkazi akisema tumbo linauma, watu hudhani ni akili.

Juu ya kufunga watu kamba au kuwatenga chumbani, ombeni kuona daftari la matukio: nani, lini, kwa muda gani, nani aliamua. Mkiambiwa hakuna daftari kwa sababu hapa hatufungi mtu, mshukuruni Mungu, kisha waulizeni wakazi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mtu bila hiari yake. Barua ya usharika haimo katika utaratibu huo.

Kwa upande wa kazi, kanisa letu lina historia. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba huko, nasi tunaamini katika njia hiyo. Lakini kazi ikiwa tiba, mkazi anaweza kuikataa asinyimwe chakula, na mazao yakiuzwa anajua fedha zimekwenda wapi.

Turudi kwa yule ndugu. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaotambua haki yao ya kuishi katika jamii. Kwake yeye jambo hilo lilichukua miezi minne. Wazee wa kanisa walikwenda kwa kaka yake mara tatu. Mara ya tatu ndipo ukweli ulipojulikana: shamba la mgonjwa lilikuwa limekwisha kugawanywa. Alirudi kwanza kwa wiki mbili za majaribio, kisha mwezi, na sasa anaishi kwa dada yake. Sindano anachomwa kituo cha afya. Suala la shamba bado liko kwa wazee.

Wafadhili wetu, nauli na mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti havipigiki picha. Katika bajeti ya mwaka ujao tumeomba fedha za uzio zihamishiwe huko, na tunaomba mtuelewe.

Kwa kikao cha kamati: Usharika wetu umepeleka watu wangapi katika makao, na majina yao tunayajua? Nani aliwatembelea mara ya mwisho, na walisema nini? Nyumba zao na mashamba yao sasa yako mikononi mwa nani?