KUFUGA SAMAKI WA VIJITO VYA MAREKANI KATIKA TANGI LA KIOO

Watu wengi wanaotaka kuweka samaki nyumbani huenda dukani wakanunua samaki wa asili ya Asia au Amerika ya Kusini, wala hawajui ya kuwa kijito kipitacho karibu nao kina samaki wazuri kama hao. Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaokaa Marekani, hasa walio Ohio, Kentucky na majimbo ya jirani, ambako vijito vyenye changarawe ni vingi. Usome wote kabla hujatia wavu majini.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Kila jimbo lina sheria zake za uvuvi, nazo hazifanani. Pengine kibali cha kuvua kwa ndoana hakikupi haki ya kumchukua samaki aliye hai ukamfuge. Basi uliza katika ofisi ya jimbo inayoangalia samaki na wanyama wa porini, ukitaja aina ya samaki na jina la kijito. Tena wako samaki ambao ni marufuku kuguswa, kwa sheria ya mwaka 1973 ilindayo viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka. Baadhi yao ni wadogo kama kidole, wala si rahisi kuwatambua kati ya wenzao. Ikiwa huna hakika ya jina la samaki, mrudishe papo hapo pale ulipomtoa.

Anza na samaki wadogo. Yuko darta wa upinde wa mvua (Etheostoma caeruleum), ambaye urefu wake ni sentimita 5 hadi 7. Dume lake wakati wa masika ya kule hung'aa rangi ya buluu na nyekundu ya machungwa. Hukaa chini kati ya mawe, penye maji ya kasi, naye haelei kama samaki wengine, bali hurukaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mwenzake afaaye ni dasi mwenye tumbo jekundu (Chrosomus erythrogaster), aendaye kwa makundi katikati ya maji. Basi usimweke peke yake.

Watoto humpenda sana blugili (Lepomis macrochirus), kwa kuwa ni rahisi kumvua. Lakini huyu hukua kufika sentimita 20, hugombana na wenzake, na darta kwake ni kitoweo. Ataka tangi la lita 200 au zaidi. Kwa maoni yangu asiwe samaki wako wa kwanza.

Kwa darta wachache na kundi dogo la dasi, tangi la lita 75 latosha. Kumbuka kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na mawe, tangi hilo litakaribia kilo 100, basi meza ya kulia chakula haifai kulibeba. Usiliweke dirishani penye jua. Changarawe na mawe uvioshe kwa maji matupu, bila sabuni, kisha utie chujio na pampu yenye nguvu ya kuyazungusha maji.

Sasa yafuata maji, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapoharibu. Maji ya bomba hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Ikiwa ni klorini, itatoka maji yakilazwa katika ndoo wazi; lakini miji mingi hutumia kloramini, ambayo kuyalaza maji hakuiondoi upesi. Nunua dawa ya kuiondoa, uitumie kila utiapo maji mapya.

Tena, maji yanayoonekana safi yaweza kuwa sumu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo huua. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa ni kidogo. Bakteria hawa hawapatikani kwa siku moja. Washa chujio pasipo samaki, utie chembe za chakula kila siku, upime maji kwa vipimo vinavyouzwa madukani. Kwanza amonia itapanda, kisha nitriti. Zote mbili zikishuka zisionekane tena, ndipo utie samaki, tena wachache wachache. Kazi hii huchukua wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Baadaye, kila wiki badili robo ya maji.

Samaki hawa hawahitaji kipasha maji. Adui yao ni joto la kiangazi. Lita moja ya maji ya digrii 10 huweza kushika miligramu 11 za oksijeni, lakini ya digrii 30 hushika 7 na nusu tu, na darta amezoea maji ya kasi yaliyojaa hewa. Siku za joto kali ongeza pampu ya hewa. Chakula kikavu darta hukikataa mara nyingi. Mpe viluwiluwi vya mbu, au wadudu wa majini wauzwao wakiwa wamegandishwa.

Ukichoka kufuga, usimwage samaki mtoni. Mwaka 1960 Meya wa Chicago alimpa Akihito, mwana wa mfalme wa Japani, zawadi ya blugili. Walizalishwa ili wawe chakula cha watu, lakini wakaenea katika maziwa ya nchi ile, wakila mayai na watoto wa samaki wa kienyeji. Na mwaka 2007 Akihito, akiwa mfalme, alitamka hadharani huzuni yake kwa jambo hilo. Hata samaki wa jimbo lile lile aweza kubeba ugonjwa: mwaka 2005 ulitambulikana katika Maziwa Makuu ugonjwa wa virusi uwatoao samaki damu, na kuhamisha samaki ni njia mojawapo ya kuueneza. Basi mpe mfugaji mwingine samaki wako, au uiulize ofisi iliyokupa ruhusa. Maji ya tangi uyamwage juu ya udongo, mbali na kijito na mfereji.