Goti lililokakamaa: Jinsi ya kulirudishia mkunjo ukiwa nyumbani



Ndugu msomaji, shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), aliyeumba viungo vyetu na kuvipangia kazi zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Wiki hii somo letu ni goti: namna ya kulirudishia mnyoosho na mkunjo wake baada ya ajali au upasuaji.

Nimelichagua kwa sababu ya mzee mmoja aliyeletwa kwetu. Alikuwa ameangushwa na bodaboda. Picha ya eksirei ilionesha hakuvunjika, akaambiwa apumzike. Nyumbani, watoto wake kwa mapenzi wakamwekea mto chini ya goti usiku na mchana, wakamkataza kushuka kitandani. Baada ya miezi mitatu maumivu yalikwisha, lakini goti halikunyooka na lilikunjika kidogo tu. Hakulalamikia kutembea. Alisema, "Daktari, nina kiu ya sijda."

Kwa nini goti hukakamaa?

Goti likiumia hujaa maji. Maji hayo hupata nafasi zaidi goti likikunjwa kidogo, kama nyuzi 30, ndiyo maana mgonjwa husikia raha akiwekewa mto. Raha hiyo ni mtego. Wakati huo huo msuli mkubwa wa mbele ya paja hulegea na kusinyaa haraka, na ndani ya goti hujengeka nyama ya kovu. Wiki za mwanzo kovu ni laini na hunyoosheka. Likiachwa miezi, hukaza kama kamba.

Goti zima hunyooka kabisa na hukunjika hadi kama nyuzi 135 au zaidi. Kutembea huhitaji mkunjo wa kama nyuzi 60 hadi 70. Kuinuka kitini huhitaji kama 90 au zaidi. Kukaa tahiyatu na kuchuchumaa chooni huhitaji karibu mkunjo wote. Kwa hiyo anayetembea vizuri asidhani amekwisha kupona.

Kabla ya kuanza

Muulize daktari aliyekutibu maswali matatu: Je, naruhusiwa kulikunja goti, na hadi wapi? Je, naruhusiwa kuukanyagia mguu? Je, kuna zoezi lililokatazwa? Aliyevunjika mfupa, aliyeshonwa mishipa ya goti au msuli wa pia ya goti, na mwenye plasta ngumu, asianze bila idhini. Aliyeruhusiwa, asichelewe.

Mazoezi

Tandika mkeka au godoro gumu. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kufanya mazoezi haya baada ya kila swala ya faradhi.

1. Kuchezesha kifundo. Ukiwa umelala chali, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kisha visukume mbele, mara 20. Husaidia damu kutembea.

2. Kukaza paja. Nyoosha mguu, kaza msuli wa mbele ya paja kana kwamba unaligandamiza goti chini. Hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10.

3. Kunyoosha goti. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, siyo chini ya goti, ili goti libaki hewani na lishuke lenyewe. Kaa hivyo dakika 5 hadi 10. Zoezi hili watu hulidharau, lakini goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote.

4. Kuburuta kisigino. Pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zake mbili. Vuta kisigino taratibu kuelekea makalio mpaka usikie mvuto. Hesabu hadi 10, kisha nyoosha. Rudia mara 10. Soksi au mfuko wa plastiki chini ya kisigino hurahisisha kuteleza.

5. Kukunja ukiwa kitini. Kaa kwenye kiti imara. Mguu mzima uusukume mguu mgonjwa kwa nyuma, polepole. Hesabu hadi 10. Rudia mara 10.

6. Kuinua mguu. Lala chali, kunja mguu mzima. Kaza paja la mguu mgonjwa, uinue ukiwa umenyooka kiasi cha shubiri moja na nusu. Hesabu hadi 5, shusha taratibu.

Maumivu ya mvuto ni kawaida. Yakitulia ndani ya saa moja, endelea. Goti likiamka kesho yake limevimba zaidi, punguza idadi lakini usiache. Baada ya mazoezi weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiweke barafu wala maji ya moto.

Pima maendeleo kila Ijumaa: kisigino kikiwa kimevutwa hadi mwisho, weka alama ya chaki kwenye mkeka. Alama ikisogea hata upana wa kidole kimoja, umepiga hatua. Isiposogea kwa wiki mbili, nenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando wanao.

Makosa ya nyumbani

Usilale na mto chini ya goti. Usimruhusu mtu alikunje goti lako kwa nguvu. Anaweza kuvunja mfupa au kuchana msuli. Usikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa siku za mwanzo, uvimbe ukiwa mbichi.

Rudi hospitali haraka ukiona homa, usaha au wekundu unaoenea, shavu la mguu kuvimba na kuuma, goti kunasa lisisogee, au ukishindwa kabisa kuinua mguu ulionyooka. Kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, usingoje asubuhi.

Swala na tohara

Imran bin Huswayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali amesimama, asipoweza amekaa, asipoweza kwa ubavu. Basi anayeweza kusimama aanze kwa kusimama, kisha akae kitini kwa rukuu au sijda asiyoiweza, sijda ikiinama zaidi. Usilipigie goti bichi sakafuni ukidhani unazidisha ibada. Kuhusu kidonda kilichofungwa bendeji na udhu, muulize sheikh wako, kwani dini imeweka njia. Kwa choo cha kuchuchumaa, kiti imara kilichotobolewa katikati kinatosha.

Kina mama wavae suruali pana chini ya dera na wafanyie mazoezi chumbani. Mnaweza pia kuomba mtaalamu wa kike.

Mzee wetu alianza akiwa amechelewa. Ilimchukua miezi minne, mkewe akimhesabia kila baada ya swala. Leo goti limenyooka karibu lote na anasujudu, ila katika tahiyatu bado mguu mmoja anaunyoosha pembeni. Aliyewekewa goti bandia naye mara nyingi huishia nyuzi 110 hadi 120, ashukuru, asilazimishe.

Ndugu msomaji, kama ndani ya nyumba yako kuna mgonjwa wa goti, kautoe mto leo. Kisha mpe kanga, na ukae naye umhesabie.

Wabillahi tawfiq.