Joto, Baridi na Kulala Chali: Siku ya Mapumziko Hapa Hapa Musoma

Wanaotembelea Ufini na Uswidi husimulia siku nzima ya kukaa kwenye joto kali, kujitosa kwenye maji ya baridi, kisha kulala chali bila kufanya lolote. Wasomaji wa Iringo, Bunda na Butiama wametuuliza kama siku ya namna hiyo inawezekana huku kwetu Mara. Anajibu mtaalamu wa tiba ya viungo.

Shikamoo mama. Hizo spa za Nordiki zina nini cha pekee? Zinatofautianaje na masaji ya saluni?

Marahaba, mwanangu. Masaji ni kazi ya mikono ya mtu mwingine. Kule kazi inafanywa na joto, baridi na muda. Sauna ni chumba cha mbao chenye jiko lililojazwa mawe. Hewa yake hufika nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, lakini kwa kuwa ni kavu mtu anaistahimili. Unakaa dakika 10 hadi 15. Ukitoka unajimwagia maji baridi au unazama kidogo tu, kisha unajifunika na kulala dakika 15 au 20. Baada ya hapo unaanza upya. Mizunguko 3 inatosha.

Ufini ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kufika milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wao kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Wengi husimulia lile joto na ile baridi. Mimi naanzia kwenye kulala. Joto linatanua mishipa ya damu na moyo unakwenda mbio. Baridi inaibana mishipa ghafla. Mwili unatulia pale tu unapoachwa. Mama anayeamka alfajiri kwenda Mwigobero kuchukua dagaa na kurudi jioni kupika anajua joto la jiko na anajua maji ya kuoga. Asichokipata ni zile dakika 20 za kulala mchana bila kuitwa. Ukipunguza kitu kwenye siku yako, usipunguze hicho.

Sauna hatuna nyumbani. Nyungu yetu haifai?

Inafaa, ila si kitu kilekile. Nyungu ni joto la mvuke, lenye unyevu, na halihitaji kuwa kali kama la sauna. Mwaka 2020 corona ilipoingia, kila nyumba ilipiga nyungu. Haikuwa dawa ya corona, lakini kwa kulegeza misuli na kutoa jasho bado ni nzuri, na sufuria na blanketi unavyo tayari.

Hofu yangu ni kuungua. Nimeona mapaja yaliyobabuka kwa sababu mtu aliweka chungu katikati ya miguu, kikapinduka. Fanya hivi: chemsha maji yako na mchaichai au majani ya mkaratusi, ipua, kisha tuliza sufuria juu ya ngata iliyolowa, mbele ya vidole vya miguu. Kaa kwenye kigoda, jitande kanga, mtu mwingine akufunike blanketi. Fungua mfuniko kidogo kidogo, upande wa mbali na wewe kwanza, mvuke ukupite kabla haujakufikia. Dakika 10 zinatosha, na huyo aliyekufunika asiondoke.

Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie ndani ya blanketi wala ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya mkaa haina harufu, na inaua mtu akiwa anasinzia.

Ziwa liko hapa mbele. Si ndilo bwawa letu la baridi?

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kwanza, Ziwa Victoria si la baridi. Maji yake huwa karibu nyuzi 25. Ya kule Nordiki mara nyingi ni chini ya 15. Pili, na hili ndilo zito, pembeni mwa ziwa kuna kichocho. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani na matope ya ufukweni hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Hutoka zaidi jua likiwa juu, saa zilezile ambazo mtu anatamani kuoga. Kichocho cha ziwani hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini. Mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kujua, hadi tumbo livimbe au atapike damu. Mimi sitaki siku ya mapumziko ikuachie ugonjwa wa namna hiyo. Sijagusia mamba na kiboko, ambao wenyeji mnawajua kuliko mimi.

Kwa hiyo baridi yako iwe ya ndoo. Maji ya bomba yaliyotibiwa ni salama. Maji ya ziwa yakikaa kwenye tangi safi, lisilo na konokono, kwa siku 2 kamili, vijidudu hivyo vinakufa. Kuoga unaweza, kunywa bado hapana. Yahamishie kwenye mtungi wa udongo usiku, uuweke barazani penye upepo. Maji yanayochuruzika kwenye kuta za mtungi yakikauka huondoka na joto, na asubuhi utayakuta yamepoa. Jimwagie kuanzia miguuni, mapajani, mikononi, mwisho mabegani. Kichwa kiache.

Na sisi tuliooga ziwani tangu utotoni?

Nendeni hospitali mpime choo. Dawa ipo, praziquantel, humezwa kwa kipimo cha uzito wa mwili. Inaua minyoo iliyokomaa lakini michanga huiacha, kwa hiyo aliyeoga wiki iliyopita asikimbilie kumeza leo akadhani amemaliza. Apime baada ya wiki 6 hadi 8.

Nina presha. Nimesikia joto linaitibu.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya wanaume 2,315 waliofuatiliwa kwa miaka kama 20. Waliokwenda sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa moyo kusimama ghafla mara chache kuliko waliokwenda mara 1. Ni habari njema, lakini hao walizoea sauna tangu utoto, na huenda mwenye afya ndiye anayeweza kwenda mara nyingi. Dawa yako ya presha usiiache. Kama presha imetulia, joto la wastani halina shida. Yale maji ya baridi ya ghafla ndiyo uyaache. Mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito waulize daktari kwanza. Aliyekunywa pombe asiguse kabisa.

Kuna kundi jingine ambalo vijitabu vya spa hulisahau: wenye sikoseli. Kanda ya Ziwa tunao wengi. Baridi ya ghafla na kupungukiwa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali yatakayowalaza wodini. Kwao iwe kupumzika kivulini, maji ya uvuguvugu, na kunywa maji kila mara.

Sisi wa Butiama hatuna ziwa. Tunakosa nini?

Hamkosi kitu. Mnahitaji sufuria, ndoo, mkeka na kivuli.

Nikipata nauli, niende wapi?

Ukivuka Sirari na kufika Naivasha, kuna bwawa la Olkaria, lenye maji ya moto yatokayo kwenye visima vya umeme wa jotoardhi. Ukienda Zanzibar, tazama mabafu ya Kidichi ambayo Sultani Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, na yale ya Hamamni, Mji Mkongwe, aliyoyajenga Sultani Barghash kwa ajili ya umma. Siku hizi hayaogwi, ila yanaonyesha kwamba watu wa huku walipanga vyumba vya joto na maji zamani sana.

Nipangeje siku yenyewe?

Chagua siku isiyo ya gulio. Watoto walale kwa shangazi tangu usiku. Asubuhi kunywa uji wa ulezi, usishibe. Saa 3 piga nyungu, jimwagie, lala. Rudia mara 1, na kama hujisikii kizunguzungu, mara ya 2. Katikati ya mizunguko kunywa maji, na kipande cha papai au chungwa. Saa 7 kula sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Alasiri upepo wa ziwa huingia nchi kavu. Hapo tandika mkeka barazani na uulalie upepo huo hadi jua lipoe. Majirani uwaambie mapema kwamba leo hupo. Wakipiga hodi, mumeo atoke kuwapokea.