Kibao cha Nyongeza na Dhana ya Utendaji: Maoni ya Mashabiki kuhusu Oxygène ya Jean-Michel Jarre

1.0 Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza maoni ya mashabiki juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wauza santuri na waandishi wa magazeti, nalo ni onyesho la muziki wa elektroniki pamoja na vibao vya nyongeza vinavyotolewa nalo. Mfano tuliouchagua ni Oxygène, kazi ya mwanamuziki wa Kifaransa Jean-Michel Jarre, iliyorekodiwa mwaka 1976 na kupigwa upya papo kwa papo mwaka 2007.

Msomaji anaweza kujiuliza muziki wa mitambo uliotungwa Paris una uhusiano gani na taaluma yetu. Jibu letu ni kwamba swali linalowagawa mashabiki hao ndilo linalowashughulisha wanafasihi simulizi: kazi ya sanaa imo wapi, katika matini iliyohifadhiwa au katika tendo la kuitenda? Tunadai kwamba kibao cha nyongeza, kinachoonekana kuwa jambo dogo la kibiashara, hutufunulia udhaifu wa mazoea yetu ya kuchapisha toleo moja la kazi na kuyahesabu mengine kuwa ziada.

2.0 Kazi yenyewe na namna ilivyoundwa

Jarre, aliyezaliwa Lyon mwaka 1948, alipata sehemu ya mafunzo yake katika kundi la utafiti wa muziki lililoasisiwa na Pierre Schaeffer. Katika kundi hilo, sauti iliyonaswa kwenye kanda ilichukuliwa kuwa ndiyo malighafi ya utunzi, kama udongo kwa mfinyanzi. Mtazamo huo unaonekana wazi katika Oxygène. Jarre aliirekodi kazi hii katika studio ndogo aliyoitengeneza nyumbani kwake Paris, akitumia sintesaiza za aina ya VCS 3 na ARP 2600, kinanda cha Eminent, kisanduku cha midundo cha Korg, na mashine ya kurekodi yenye njia nane. Sehemu zake ni sita, nazo hazina majina ila namba.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Jarre alirekodi tabaka juu ya tabaka. Sauti moja ilinaswa, kisha nyingine ikalazwa juu yake, mpaka muziki ukatimia. Hii ina maana kwamba mwaka 1976 Oxygène haikupata kutendwa kwa ukamilifu na mtu yeyote mahali popote. Palikuwa na matini kabla ya utendaji. Hali hii ni kinyume cha ile ya ngano, ambamo utendaji hutangulia na matini huja baadaye kwa kalamu ya mtafiti.

Ugumu ulijitokeza pale kazi hiyo ilipopaswa kupelekwa jukwaani. Tarehe 14 Julai 1979 Jarre alifanya onyesho katika uwanja wa Place de la Concorde, Paris, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu milioni moja. Mtu mmoja hawezi kupiga kwa wakati mmoja yale aliyoyarekodi kwa zamu nyingi. Kwa hiyo fanani wa aina hii hana budi kuchagua: ama ashirikishe wapigaji wengine, ama aitegemee kanda.

Mwaka 2007 Jarre alichagua njia ya kwanza. Akishirikiana na Dominique Perrier, Francis Rimbert na Claude Samard, aliipiga Oxygène nzima kwa ala za zamani zile zile, na utendaji huo ukapigwa filamu na kutolewa kwenye DVD. Kazi iliyotungwa kwa mikono miwili ilihitaji mikono minane ili itendwe. Katika utendaji huo mliongezwa utangulizi pamoja na vipande vitatu vilivyoitwa Variation, ambavyo havikuwamo katika santuri ya mwaka 1976.

3.0 Misimamo ya mashabiki

Hoja za mashabiki kuhusu maonyesho na nyongeza za namna hii tunaweza kuziweka katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wale tutakaowaita walinzi wa matini. Kwao Oxygène ni ile ya mwaka 1976, pamoja na mvumo wa kanda yake. Kila kilichoongezwa baadaye wanakihesabu kuwa kiraka kwenye nguo isiyochanika. Hoja yao isipuuzwe, kwani msikilizaji aliyeishi na santuri moja kwa miaka thelathini amekwisha kuihifadhi moyoni, na tofauti ndogo ya mdundo humgutusha kama mtu aliyesikia shairi analolijua likikosewa mizani.

Kundi la pili ni la watetezi wa utendaji. Lalamiko lao la muda mrefu ni kwamba katika maonyesho makubwa ya muziki wa elektroniki hadhira haijui kipi kinapigwa na kipi kinatoka kwenye kanda. Hata kinubi cha leza, ambacho Jarre alikipiga katika maonyesho yake ya China mwaka 1981, kimezua ubishi huo huo. Kwa watu hawa, utendaji wa mwaka 2007 ulikuwa na thamani kwa sababu mikono ya wapigaji inaonekana, na kosa linawezekana. Penye uwezekano wa kukosea ndipo penye utendaji.

Kundi la tatu ni la wenye shaka. Hawa huuliza iwapo kibao cha nyongeza kimezaliwa na haja ya sanaa au na haja ya kumfanya shabiki ainunue mara ya pili kazi aliyo nayo. Shaka hiyo ni ya haki. Hata hivyo, tunaona kwamba inajibika kwa kuangalia mahali kibao kilipowekwa. Nyongeza iliyobandikwa mwishoni yaweza kuondolewa bila mtu kuhisi pengo. Vipande vitatu vya mwaka 2007 havikubandikwa hivyo. Vimewekwa baina ya sehemu za zamani, vikizifungua na kuziunganisha. Ukiviondoa, utendaji ule unakatika. Kwa kigezo hiki, vipande hivyo si ziada ya matini, bali ni sehemu ya tendo.

4.0 Suala la hadhira

Utendaji huo una dosari moja inayostahili kutajwa. Ulifanyika studioni pasipo hadhira, na jina lake la kibiashara lilimwalika mtazamaji aufikirie kana kwamba unafanyika sebuleni kwake. Tukishikilia kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila hadhira iliyopo, itatubidi tukiri kwamba huo ulikuwa utendaji nusu.

Tuulinganishe na onyesho la Houston, Marekani, la tarehe 5 Aprili 1986. Mwanaanga Ronald McNair alikuwa ametarajiwa kupiga saksafoni angani kwa ajili ya kazi ya Jarre, lakini alifariki pamoja na wenzake sita katika ajali ya chombo cha Challenger tarehe 28 Januari mwaka huo. Katika onyesho hilo Kirk Whalum aliipiga sehemu ya marehemu. Noti zaweza kunaswa na kanda, lakini maana waliyoipata wakazi wa mji ule wa wanaanga, wakiwa bado katika msiba, ilitokana na mahali, wakati na watu.

Hadhira inaweza pia kuwa mhifadhi. Mwaka 1983 Jarre alitengeneza nakala moja tu ya santuri iitwayo Musique pour Supermarché, ikauzwa mnadani kwa faranga 69,000, na vyombo vya kuifyatulia nakala vikaharibiwa. Lakini kazi hiyo ilitangazwa nzima katika Radio Luxembourg, naye akawahimiza wasikilizaji waikopi. Walio wengi wanaijua kwa kanda hizo zenye mikwaruzo. Matini rasmi ilibaki kwa mnunuzi mmoja, na kazi ikaishi mikononi mwa hadhira.

5.0 Funzo kwa wanafasihi simulizi

Mtafiti anayerekodi taarabu hurudi na maneno na sauti, lakini msikilizaji anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji, na beti inayorudiwa kwa sababu hiyo, mara nyingi huachwa nje ya chapisho kwa kuwa si sehemu ya wimbo. Vivyo hivyo, tunapokusanya matoleo matano ya ngano moja, huchapisha lile tunaloliona bora na kuyapeleka mengine kwenye kiambatisho. Huko ni kuyafanya vibao vya nyongeza. Kigezo tulichokitumia hapo juu kinafaa hapa pia: tusiulize kama kipande kimo katika toleo la awali, bali tuulize kama utendaji ule ungesimama bila hicho.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ubishi wa mashabiki kuhusu Oxygène ni uhakiki kamili, wenye vigezo na hoja. Walinzi wa matini wanatukumbusha kwamba kumbukumbu ya msikilizaji ina haki yake, na watetezi wa utendaji wanatukumbusha haki ya tendo. Sisi tunaegemea upande wa pili, kwa sharti kwamba hadhira isisahauliwe. Inafaa watafiti chipukizi wanaokwenda nyanjani warudi na kanda nzima, pamoja na kikohozi, vicheko na beti zilizorudiwa, na wasiharakishe kuamua kipi ni kazi na kipi ni nyongeza.