Pesa Imeingia, Kompyuta ya Duka Haioni? Anzia Kwenye Waya

Mteja amelipa, ujumbe umefika kwenye laini ya biashara, lakini skrini ya kaunta bado inasema hajalipa. Ama mbaya zaidi, imeandika Sh15 badala ya Sh1,500. Kama duka lako bado linatumia kompyuta ya zamani inayosoma malipo kutoka kwa modemu ya SMS kupitia poti ya COM, yaani lile tundu la pini 9 kule nyuma, somo la leo ni lako na fundi wako.

Kanuni yetu ni moja: usiguse msimbo wa programu kabla ya kuhakikisha poti na waya ziko sawa. Twende hatua kwa hatua.

1. Pima poti yenyewe. Funga programu ya mauzo kwanza, kwa sababu programu mbili haziwezi kushika poti moja kwa wakati mmoja. Chomoa modemu, kisha unganisha pini ya 2 na ya 3 za poti kwa kipande cha waya. Kwenye Windows XP, fungua HyperTerminal, chagua COM1, zima udhibiti wa mtiririko, halafu andika herufi chache. Zikirudi kwenye skrini, poti ni nzima. Zisiporudi, shida iko kwa poti au umechagua namba isiyo yake.

2. Ongea na modemu. Toa kile kiwaya, rudisha modemu, andika AT kisha ubonyeze Enter. Jibu zuri ni OK. Ukiona herufi za ajabu ajabu, kasi hazilingani. Jaribu 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya mwisho. Ukiona kimya, angalia umeme na kebo. Modemu hutumia kebo iliyonyooka. Ile yenye nyaya zilizopishana ni ya kuunganisha kompyuta mbili.

3. Angalia mgongano. Kwenye mashine za zamani kabisa, COM1 na COM3 hutumia IRQ 4, na COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Kipanya kikiwa COM1 na modemu iko COM3, kimoja kinaweza kunyamaza ukitumia kingine. Hamishia modemu COM2.

4. Sasa fungua msimbo. Hapa ndipo ile Sh15 huzaliwa. Kwa kasi ya 9600, poti hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Ujumbe wa herufi 160 huchukua karibu moja ya sita ya sekunde, na programu inaweza kusoma mara kadhaa kabla haujaisha. Ikisoma mapema inapata "Ksh1,5", na zile "00.00" zinakuja baadaye. Programu ikiondoa koma na kuhesabu hapo hapo, basi, Sh15!

Dawa yake si kuongeza muda wa kusubiri. Mwambie fundi akusanye herufi zote kwenye akiba, asubiri mwisho wa mstari na ile OK ya modemu, ndipo atafute kiasi. Pia ahifadhi namba ya muamala ili malipo yasiandikwe mara mbili, na asifute ujumbe kwenye laini kabla rekodi haijahifadhiwa.

Kabla kazi hiyo kuisha, usitoe bidhaa kwa kuamini skrini ya kaunta peke yake, wala simu ya mteja. Linganisha na taarifa ya akaunti yako ya biashara, namba ya muamala kwa namba ya muamala.

Na jambo la mwisho: hakuna hatua hata moja hapa inayohitaji PIN yako. Fundi akikuuliza PIN ati ndiyo apime waya, simamisha hiyo kazi mara moja.